Chati ya ukutani ya makabaila wa Champagne, niliyochapishiwa Ngamiani

Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita hapa Tanga. Tukifika kwenye ukabaila wa Ulaya, wanafunzi hukariri "bwana" na "mtwana" bila kumwona mtu hata mmoja. Ndiyo maana nikataka chati kubwa ya ukutani inayoonyesha jinsi watawala wa Champagne, Ufaransa, walivyorithishana kiti, kuanzia 1125 mpaka 1314. Champagne nimeipenda kwa sababu ya magulio yake. Yalikuwa sita kwa mwaka, yakizunguka Troyes, Provins, Lagny na Bar-sur-Aube. Watu wa Flanders, kaskazini, walileta vitambaa vya sufu, Wataliani wakaleta viungo na fedha za kukopesha, na bwana wa nchi alilinda njia na kutoza ushuru. Mwanafunzi aliyekulia Lushoto au Korogwe, kwenye magulio, haelezwi mara mbili.

Duka la kwanza nililoingia, mjini, sikukaa sana. Walikuwa na kiolezo cha mti wa ukoo cha baba, mwana na mjukuu, wakataka nijaze majina tu. Kiolezo cha aina hiyo hakifai kwa Champagne hata kidogo, kwa sababu kiti kinakwenda kando karibu kila baada ya kizazi.

La pili ndilo ninalolisifu hapa. Liko Ngamiani, si mbali na soko la Mgandini, duka dogo la kadi za harusi, mihuri na mabango. Anayekaa kwenye kompyuta ni binti wa makamo ya wanafunzi wangu wa zamani. Alichukua karatasi yangu ya mkono, akaisoma yote kabla ya kugusa kipanya, kisha akauliza: "Mwalimu, huyu Hugues mshale wake unaenda kwa nani? Umemwandikia mwana, lakini mwana hana kitu chini yake."

Swali hilo lilinifurahisha kuliko karatasi yenyewe. Hugues, mtawala wa kwanza kwenye chati, alimkataa mwanawe Eudes akiamini si damu yake, akamwachia nchi mpwawe Thibaut mwaka 1125, kisha yeye akaenda kujiunga na wapiganaji wa Hekalu, watawa wa Kikristo wenye silaha, kule Yerusalemu. Binti akachora mshale wa pembeni wenye rangi yake, na Eudes akabaki na mstari uliokatika. Tangu hapo tulielewana.

Kwa mpwa huyo, yaani Thibaut II, aliweka masanduku ya wana yenye ukubwa tofauti, kama nilivyomwomba. Alipofariki mwaka 1152, mwana mkubwa, Henri, alichukua Champagne, na Blois, makao ya zamani ya ukoo, ikaenda kwa mdogo wake. Mtoto mkubwa hachagui kilicho kidogo; magulio yalikuwa yameshageuza mizani. Henri huyo alimwoa Marie, binti wa Mfalme Louis VII, na dada yake Adèle akaolewa na mfalme huyohuyo. Mkwe akawa pia shemeji. Binti alicheka, akaifunga mistari hiyo miwili kwa fundo dogo ambalo wanafunzi hulikimbilia kwanza.

Kazi ngumu ilikuwa katikati. Henri II, mwana wa Henri na Marie, aliondoka mwaka 1190 kwenda Vita vya Msalaba, akiwa amewaapisha wakuu wake kwamba asiporudi watamkubali mdogo wake, Thibaut. Hakurudi. Mwaka 1192 alimwoa Isabella, mrithi wa Yerusalemu, akapata naye mabinti, na mwaka 1197 akaanguka dirishani mjini Acre, pwani ya Palestina, akafa. Mdogo wake akatawala kama Thibaut III, naye akafa Mei 1201 akiwa na miaka 22. Mkewe, Blanche wa Navarre (ufalme mdogo mpakani mwa Ufaransa na Hispania), alikuwa mjamzito. Mtoto wa kiume alizaliwa siku chache baada ya mazishi.

Katika chati nyingi nilizowahi kuona, hapo pana mstari mfupi kutoka Thibaut III kwenda Thibaut IV, utadhani mtoto mchanga aliendesha nchi. Nilisisitiza Blanche apate sanduku kamili, 1201 hadi 1222, kwa sababu ndiye aliyetawala. Ndiye aliyepambana na Érard wa Brienne, aliyemwoa Philippa, binti wa Henri II, na kudai kiti kwa jina la mkewe. Upande wa Blanche ulijibu kwamba ndoa ya Isabella haikuwa halali kwa kuwa mume wake wa kwanza alikuwa hai. Wakapigana kuanzia 1216, mji wa Nancy ukachomwa mwaka 1218, na mwishowe Érard na mkewe wakaliacha dai lao kwa malipo. Binti wa duka alimpa Blanche ukanda wa kijani unaopita chini ya jina la mwanawe kwa miaka yote ile. Hilo ni wazo lake, sikumwambia. Ukisimama nyuma kabisa ya darasa unaona nani alishika nchi na nani alisubiri.

Sehemu ya chini ilikwenda haraka. Thibaut IV akapata ufalme wa Navarre mwaka 1234 kutoka kwa mjomba wake. Mwanawe Thibaut V akafa Trapani, kisiwani Sicilia, mwaka 1270 akitoka vitani Tunis. Mdogo wake, Henri III, akafa mwaka 1274, akamwacha Jeanne, mtoto mdogo, aliyeolewa mwaka 1284 na Philippe, mfalme mtarajiwa wa Ufaransa. Mwana wao Louis alirithi Champagne kwa mama mwaka 1305, na ufalme kwa baba mwaka 1314. Hapo mistari miwili inakutana kwenye sanduku moja, na rangi mbili zimechanganywa vizuri sana.

Sasa upungufu. Herufi zenye alama juu, kama za Adèle na Érard, zilitoka viboksi vitupu kwenye nakala ya majaribio. Walirekebisha bila kunitoza. Laminesheni ina mapovu kona ya chini kulia, na nikiwa nimelipa shilingi 35,000 kwa ukubwa wa A1 nilitarajia ikae sawasawa. Pia walichelewa siku kadhaa kwa sababu ya kadi za harusi, bila kupiga simu. Kwa mwalimu mwenye ratiba hilo linaumiza.

Walimu wa Tanga, Muheza na Pangani wanaotaka kazi kama hii, nawashauri waende. Andikeni miaka yote kwa kompyuta kabla ya kwenda, mwombe nakala ya majaribio kwenye A3, na msikubali laminesheni mpaka muione ikipita kwenye mashine. Mimi nimeshampelekea binti yule karatasi ya watawala wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, na ameshanipigia kuuliza kuhusu Jeanne mwingine, binti wa mtawala wao Raymond VII, na kwa nini mumewe, ndugu wa mfalme, ameandikwa kwa rangi ya mfalme.