Sparrow na saini mbili kati ya tatu: inafaa kwa hela ya kikundi?

Haya wadau, leo mezani nina Sparrow, programu ya pochi ya Bitcoin, kwenye laptopu, halafu vifaa vitatu vya kutunzia funguo na kusainia miamala: Coldcard, Passport na SeedSigner. Watengenezaji watatu tofauti, makusudi, ili hitilafu ya mmoja isituponze wote. Pochi ni moja ya Bitcoin, funguo tatu, na hela haitoki mpaka wawili wasaini. Wanaolijua sanduku la VICOBA lenye kufuli tatu wameshanielewa, ila hapa mmoja akisafiri mambo hayakwami.

Sparrow ni ya bure, na katika mpango huu haishiki ufunguo wa siri hata mmoja. Unaipa funguo za umma za vifaa vyote (hizo zinaonyesha anwani na salio, hazitoi hela), inatengeneza anwani, na siku ya kutuma inaandaa muamala ambao haujasainiwa. Faili lake linaitwa PSBT. Kwenye Coldcard nalipeleka kwa kadi ya memori, nasaini, nalirudisha. SeedSigner inasoma msimbo wa QR kwenye skrini ya laptopu kwa kamera yake. Imejengwa kwa Raspberry Pi Zero, kikompyuta kidogo sana, na ukichagua toleo la 1.3 hakuna WiFi wala Bluetooth. Ukiizima inasahau kila kitu, kwa hiyo maneno ya siri, yale yanayobeba ufunguo wako, unayaingiza upya kila mara. Inachosha, sikatai, lakini mwizi akiibeba kaondoka na kamera tu.

Sasa jamani, msibonyeze kabla ya kusoma. Februari 2025 Bybit, soko la kununulia na kuuzia sarafu za kidijitali, waliibiwa sarafu ya Ethereum ya takriban dola bilioni 1.5, na wao walikuwa na saini nyingi na vifaa vya kusainia! Ukurasa wa kompyuta uliwaonyesha muamala wa kawaida, kumbe wanasaini kitu kingine. Kwa hiyo kiasi, anwani na ada visome kwenye skrini ya kifaa chenyewe. Na chenji pia, yaani kiasi kinachobaki na kurudi kwenye pochi yenu. Coldcard ukishaisajilia pochi inatambua chenji inayorudi kwenu; SeedSigner lazima uionyeshe tena maelezo ya pochi (faili lenye funguo zote tatu za umma na sharti la saini mbili) ndipo ihakikishe, na hapo ndipo wengi wanaruka.

Hayo maelezo ya pochi ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Watu wanatunza maneno ya siri kama cheti cha ndoa (wengine kuliko cheti), halafu faili hilo wanaliacha kwenye laptopu. Laptopu ikifa, kifaa kimoja kikapotea na maneno yake, maneno ya siri ya viwili vilivyobaki peke yake hayatoshi kuifikia hela, kwa sababu anwani zilitengenezwa kwa funguo zote tatu za umma. Sparrow inakutolea PDF yake. Kila mwanachama abaki na nakala. Anayeiona ataliona salio, ila kutumia hawezi.

Kama ni akiba ndogo ya mtu mmoja, mzigo huu wote wa nini? Kifaa kimoja kinatosha. Kwa kikundi, naipitisha Sparrow, kwa sharti moja: wekeni hela ya soda kwanza, futeni pochi kwenye laptopu, irudisheni kwa ile nakala, mtume. Ikigoma, igome hela ikiwa bado ya soda.