Adapta mbili, nambari moja: miezi minne na adapta za USB za Luthuli

Mwanzoni mwa Juni nilinunua adapta mbili za USB, zile za kuipa kompyuta tundu la waya wa mtandao, katika duka moja la Luthuli Avenue. Shilingi 1,300 kila moja. Hazina jina la kampuni, zina pakiti nyeupe tu, na neno "Gigabit" limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko adapta yenyewe. Nazipa nyota tatu kwa tano, na moja kati ya hizo tatu nimeitolea jasho mwenyewe.

Saiba yangu iko Kayole. Kuna kompyuta tisa za wateja, printa moja inayofanya kazi na nyingine ya kupamba meza. Nyuma ya kaunta kuna kompyuta ndogo ya mtumba inayoendesha Debian 12, mfumo wa familia ya Linux, nayo ndiyo mlango wa intaneti yote. Upande mmoja inapokea waya kutoka kwenye boksi la mtoa huduma, upande wa pili inatoa waya kwenda kwenye swichi, na ndiyo inayozigawia kompyuta za wateja anwani. Mwezi wa tano stima ilirudi kwa kishindo, tundu lake la waya na kadi niliyokuwa nimeiongeza vikaungua pamoja. Fundi alitaja bei ya kurekebisha nikaamua kuzitafuta hizi za USB.

"Ni kuchomeka tu, madam," muuzaji aliniambia. "Haina maneno."

Na kweli, siku ya kwanza haikuwa na maneno. Nilichomeka ya kwanza, taa ya kijani ikawaka, Debian ikaitambua bila kudai draiva yoyote. Nilipoandika `ip link`, amri ya kuorodhesha adapta, nikaona imepewa jina refu linaloanza na enx. Ya pili ikaja na jina eth0. Nilishangaa kidogo kwa nini moja imeitwa kwa ukoo wake mzima na nyingine kwa jina la utani, lakini wateja walikuwa wananingoja. Nikaandika kwenye mipangilio kwamba enx ni ya nje, eth0 ni ya ndani. Ikafanya kazi wiki tatu bila kusumbua, na kwa sababu moja tu: sikuizima hata mara moja.

Tarehe 28 Juni stima ikapotea. Aliyewahi kuendesha saiba anajua siku za mwisho wa Juni zilivyo, watu wote waliosahau kufaili ritani za kodi za KRA tangu Januari wanakumbuka siku moja. Stima iliporudi nikawasha kila kitu, na hakuna kompyuta hata moja iliyopata intaneti. Zote tisa zilikuwa zimejipa anwani za 169.254, ambazo Windows hujipa yenyewe ikikosa wa kuigawia. Mama mmoja aliyekuwa kwenye kompyuta ya nne aliniangalia nikizunguka na waya mkononi.

"Mwanangu, hii itarudi kweli? Nimeacha kibanda wazi."

"Itarudi, mama. Nipe dakika kumi."

Zilikuwa saa mbili kasoro. Huyo mama nilimfailia kwa intaneti ya simu yangu. Nilikagua waya, nikabadilisha swichi, nikawasha upya boksi la mtoa huduma mara tatu. Mwishowe, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili, nikazibadilisha waya za adapta mbili, ya huku ikaenda kule. Ikakubali! Nikafurahi hadi kesho yake asubuhi, nilipoiwasha tena ikakataa, nikarudisha waya zilivyokuwa, ikakubali. Hapo nikajua kwamba si waya. Ni majina yanayohama.

Usiku huo nilifunga mapema, nikakaa na kumbukumbu za kuwaka kwa kompyuta, yaani `journalctl -b`. Mstari mmoja ulisema adapta ya pili imeshindwa kubadilishiwa jina kuwa enx-fulani kwa sababu jina hilo lipo tayari. Nikarudi kwenye `ip link`, safari hii nikisoma tarakimu moja moja kwa kidole kwenye kioo. Anwani ya MAC, yaani nambari ya kudumu ya adapta, ya kwanza na ya pili ni ile ile. Tarakimu zote 12.

Hilo halifai kutokea. Anwani ya MAC ina biti 48: nusu ya kwanza hutambulisha mtengenezaji, na nusu ya pili anatakiwa aipe kila kifaa nambari yake, kama nambari ya chesi ya gari. Huyu wa kwetu alijaza nambari moja akaendelea kuinakili. Sasa, Debian huziita adapta za USB kwa anwani hiyo: enx, kisha tarakimu 12, jumla herufi 15, ambazo ndizo nyingi kabisa Linux inazoruhusu kwenye jina la adapta. Anwani zikifanana, majina yanagombaniwa. Inayotambuliwa kwanza kompyuta ikiwaka inalichukua jina refu, inayochelewa inabaki na eth0. Na nani atatambuliwa kwanza, hakuna aliyeahidi. Hiyo ndiyo shida ya zamani ya eth0 na eth1, ambayo systemd, programu inayowasha na kusimamia mifumo mingi ya Linux, ilikusudia kuimaliza mwaka 2013 kwa kuzipa kadi majina yasiyotegemea nani kaamka kwanza. Adapta ya 1,300 imeirudisha.

(Mtu ataniuliza mbona mtandao haukuvurugika wiki zile tatu. Kwa sababu moja ilikuwa nje na nyingine ndani, kila moja kwenye mtandao wake. Zingekuwa kwenye swichi moja, ningejua siku hiyo hiyo.)

Jumatatu nikarudi Luthuli na laptopu yangu, nikaomba nibadilishiwe moja. Muuzaji, lazima nimsifu, hakubisha. Alinifungulia pakiti nyingine tatu pale kaunta, tukazichomeka moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na nambari ile ile. Akatabasamu.

"Si umeona, madam? Hiyo inaonyesha ni orijino. Zote ziko sawa."

Nikarudi nazo nyumbani. Dawa niliyotumia ni kuacha kuziita kwa anwani na kuziita kwa tundu zilimochomekwa. Unaandika `udevadm info /sys/class/net/eth0`, unatafuta mstari wa ID_PATH, kisha unaandika faili kwenye /etc/systemd/network. Langu la kwanza linaitwa 10-nje.link:

[Match]
Path=pci-0000:00:14.0-usb-0:1:1.0

[Link]
Name=nje0
MACAddress=02:00:00:00:00:01

La pili ni kama hilo, ila tundu ni la 2, jina ni ndani0 na anwani inaishia na 02. Njia yako, yaani ulichokiona kwenye ID_PATH na kukiandika kwenye Path, inaweza kuwa tofauti na yangu, usiinakili. Anwani inayoanza na 02 ni ya kujipangia, haimwibii mtengenezaji yeyote. Usitumie jina kama eth0 au eth1, litagombana na yale yanayotolewa na kernel, kiini cha Linux. Na usisahau `update-initramfs -u`, amri inayoziingiza faili hizo kwenye mfumo mdogo wa kuwashia kompyuta, kabla ya kuwasha upya, kwa sababu majina hutolewa mapema sana, kabla mfumo haujafungua diski yako yote. Mimi nilisahau, nikapoteza nusu saa nikidhani nimekosea kuandika.

Ubaya wa njia hii ni kwamba tundu sasa ndilo lenye jina. Kijana wangu akifagia akachomoa zote mbili na kuzirudisha kinyume, adapta zitabadilishana majina huku kila moja ikiwa na waya wake wa zamani. Nimepaka tundu la nje rangi nyekundu ya kucha, na adapta yake pia. Uzuri ni kwamba adapta ikifa, nyingine ya aina hii nitakayoichomeka hapo itaitwa nje0 bila kugusa mipangilio.

Mengine ni ya kawaida. Zinapata joto lakini si la kuogopesha. Kwenye tundu la bluu, la USB 3, zinaonyesha Mbps 1000 kama pakiti ilivyodai. Kwenye tundu jeusi la USB 2 usitegemee kasi hiyo, lenyewe kikomo chake ni Mbps 480. Kifurushi changu ni cha Mbps 40, kwa hiyo sioni tofauti. Ukihitaji moja tu kwa laptopu isiyo na tundu la waya, nunua bila wasiwasi. Ukihitaji mbili, ongeza pesa uchukue zenye nambari za MAC zilizobandikwa kwenye kila moja, na uzisome palepale dukani.

Wiki iliyopita stima imepotea mara mbili kwa siku moja, na mara zote mbili kompyuta imewaka, nje0 ikawa nje, ndani0 ikawa ndani, mimi nikiwa kwa mama mboga. Nimenunua na ya tatu ya akiba, iko kwenye droo pamoja na wino wa printa. Nambari yake nimeshaiangalia. Ni ile ile.