Injini Gani Ununue kwa Land Rover 109 au 110 ya Zamani

Land Rover 109 ya Series III yenye injini yake ya asili ya dizeli, lita 2.25, ina nguvu za farasi 62. Ipakie watu wanane na magunia mawili, kisha panda nayo Kitonga au barabara ya Mai Mahiu, uone malori ya mizigo yanavyokupita huku utingo akikupungia mkono. Ndiyo maana magari mengi ya aina hii Afrika Mashariki hayana tena injini yalizotoka nazo kiwandani. Kwenye tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, mamia ya magari yalijipanga na watu wakapiga picha za bodi. Mimi ningelipa kiingilio ili nifunuliwe boneti tu.

Mpangilio wa hapa chini huenda usiwapendeze wapenda mwendo. Nimeangalia kwanza kama spea za injini zinapatikana katika mji gari linapolala, halafu kama gia boksi na difu zilizopo zitaistahimili, mwisho ni kiasi gani cha kuchomelea na kuchonga kinahitajika ili ikae. Hicho cha mwisho ndicho kinachomaliza fedha za watu. Fundi atakutajia bei ya injini, utafurahi, kisha zitafuata rejeta, mipira ya maji, ekzosti, vishikizo vya injini, propela shafti iliyokatwa na kuungwa, na waya.

Kabla ya injini

Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa hiyo gari la miaka arobaini huweza kuonekana zima kabisa wakati chasisi yake, ambayo ni chuma, imeliwa na kutu kwa ndani. Kwa magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Unguja hili si jambo la kubahatisha. Chukua nyundo ndogo, ingia uvunguni, gonga chasisi kuanzia panaposhikwa springi za nyuma hadi kwenye boriti ya mwisho kabisa nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya bati lililojaa udongo. Chasisi yenye viraka juu ya viraka haifai kuchomelewa vishikizo vya injini nzito, na fundi anayekuambia "tutaikaza tu" anakuuzia ajali.

Kisha breki. Hiyo 109 ina breki za dramu magurudumu yote manne, na zilipangwa kusimamisha gari lisilokimbia. Ukiongeza nguvu karibu mara mbili bila kugusa breki, umejinunulia tatizo. Angalau weka sevo (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki) na masta silinda ya njia mbili, ili mpira mmoja ukipasuka ubaki na breki za upande mwingine. Anayeweza kumudu diski za mbele aweke.

Hapa nitoe ushauri ambao wenye 109 hawatapenda: kama bado hujanunua gari, tafuta One Ten, ile 110 iliyoanza kutoka mwaka 1983. Ina springi za koili, diski mbele, gia tano katika nyingi, na transifa ambayo huendesha magurudumu manne wakati wote. Pua yake iko mbele, sawa na mafenda, kwa hiyo ina nafasi kubwa zaidi ya injini. Kila injini nitakayoitaja hukaa kwenye 110 kwa kazi ndogo kuliko kwenye 109.

Nafasi ya kwanza: 200Tdi na 300Tdi

Kwa mwenye 110 yenye injini ya zamani ya 2.5, au ile 2.25 ya mwanzo, 300Tdi ndiyo jibu. Ni dizeli ya lita 2.5 yenye tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), farasi 111, na nguvu ya kuvuta Nm 265. Pampu yake ya dizeli, ya Bosch, ni ya kimakanika. Waya wa kuzima injini ndio pekee unaohusika na umeme. Maana yake ni kwamba ikikufia Loliondo, fundi mwenye spana na akili timamu anaweza kuiwasha. Nyingi za mtumba hutoka Uingereza, kwenye Discovery ambazo bodi zake zimeoza huku injini ikiwa nzima. Ukipewa ya Discovery, angalia pampu: zipo chache, hasa za gia za kujiendesha, zenye udhibiti wa elektroniki. Kebo ya mafuta isipofika kwenye pampu, iache.

Kwa 109 chagua kaka yake mkubwa, 200Tdi, iliyoingia Defender, jina jipya la 110, mwaka 1990. Ina farasi 107 na Nm 255. Bloku yake inatokana na ukoo uleule wa 2.25, na kwa sababu hiyo huungana na gia boksi la Series kwa kuhamisha stadi chache tu, bila adapta, yaani kipande cha kuunganishia. Tafuta ya Defender, maana tabo yake imekaa juu. Ile ya Discovery ina tabo chini, na bomba la ekzosti hugombana na chasisi na usukani, mpaka watu wengine huishia kuitoa tabo kabisa. Ukifika huko, umepoteza sababu ya kuinunua.

Sasa ubaya wake, kwa kuwa muuzaji hatakuambia. Silinda hedi ni ya alumini na haisamehi kuchemka. Kwenye 300Tdi, vile vizibo vya plastiki juu ya themostati na rejeta hupasuka kwa uzee. Weka vya shaba siku ileile unapofunga injini. Gasketi iliyo nyuma ya pampu ya maji huvuja pole pole bila dalili yoyote kwenye geji, kwa sababu geji hupima joto la maji, na maji yakishaisha hakuna cha kupima. Kengele ya kiwango cha maji ni kitu kidogo, na ningeiweka kabla ya redio. Taimingi beliti nayo: 300Tdi za mwanzo zilikuwa na kasoro ya beliti kutokaa sawa kwenye puli zake na kulika ubavuni, ndipo Land Rover wakatoa seti iliyorekebishwa. Ukinunua injini usiyoijua historia yake, badilisha beliti kabla ya kuiwasha mara ya pili, na katika vumbi letu usisubiri kilomita zilizoandikwa kitabuni.

Kwa 109, kumbuka kwamba gia boksi la Series lilizoea karibu nusu ya nguvu hiyo. Litadumu kwa dereva mpole asiyevuta trela. Uwiano wa difu zake, 4.7 kwa 1, utafanya injini mpya ipige kelele ukifika kilomita 80 kwa saa wakati bado ina hamu ya kwenda. Ovadraivu ya Fairey hupunguza mizunguko kwa zaidi ya moja ya tano, na ikipatikana nzima ni fedha iliyotumika vizuri.

Nafasi ya pili: Toyota 1HZ

Hii ndiyo ndoto ya wengi, na sababu yake ni ya haki. 1HZ ni dizeli ya silinda sita, cc 4,164, haina tabo. Imefungwa kwenye Land Cruiser za familia ya 70 tangu 1990, na pia kwenye mabasi ya Coaster. Kuanzia Mtwara hadi Bukavu hutakosa fundi aliyewahi kuifumua na kuisuka. Spea zipo Ilala, Dar es Salaam, zipo Kirinyaga Road, Nairobi, na injini nzima za mtumba hufika kutoka Japani au kupitia Sharjah.

Lakini tazama tarakimu. Nguvu yake ni farasi 130 hivi, na kuvuta kama Nm 285. Ukilinganisha na 300Tdi, tofauti ni ndogo kuliko wanavyosimulia vijiweni. Unachonunua ni utulivu: nguvu inapatikana chini, injini haijikazi, na hubeba mzigo mlimani bila kubadilisha gia kila dakika. Kwa gari la watalii au la kubeba mizigo Karatu na Namanga, huo utulivu una thamani. Kwa gari la kwenda ofisini hauna.

Gharama zake ni hizi. Injini ni ndefu, hivyo rejeta husogezwa mbele. Ni nzito, hivyo springi za mbele hubadilishwa. Inahitaji adapta ya kuiunganisha na gia boksi la Land Rover, na adapta iliyochongwa vibaya kwa upungufu wa unene wa karatasi itamaliza beringi za gia boksi bila wewe kujua chanzo. Mwulize fundi ameshafunga ngapi, kisha uombe kuendesha moja. Kama 110 yako ina gia boksi la R380, hiyo tarakimu ni Nm 380 ambazo lilitengenezwa kuzistahimili, kwa hiyo 1HZ ni mzigo wa kawaida kwake. Lile la awali, LT77, likaguliwe kwanza. Kuhamisha gia boksi na transifa ya Toyota pia kunawezekana, ila utapoteza uendeshaji wa kudumu wa magurudumu manne, na mimi nisingebadilisha hilo kwa lolote.

Ukiuziwa 1HZ ya Coaster, sampu yake na vifaa vya ubavuni si vile vya Land Cruiser, na nyingi zina umeme wa volti 24 wakati gari lako ni la volti 12. Stata, alteneta na pleki za kupasha joto zote zinaguswa na hilo. Pia, kinyume cha imani ya wengi, 1HZ ina taimingi beliti; ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya Land Cruiser haikuwekwa kama pambo. Na usiifunge tabo. Joto la vyumba vyake vya kuwashia mafuta halikupangiwa hewa ya ziada, na pistoni zilizopasuka kwa sababu hiyo zimejaa gereji.

Nafasi ya tatu haina mbwembwe

Isuke upya 2.25 yako. Kama gari hutoka shambani kwenda sokoni na kurudi, hakuna lami ndefu, injini iliyosukwa vizuri kwa pistoni mpya, beringi mpya, nozeli zilizopimwa na pampu iliyorekebishwa itakutumikia kwa fedha kidogo kuliko yote yaliyotajwa hapa. Zilizotoka kuanzia 1980 zina krenki shafti ya beringi tano badala ya tatu na ndizo bora. Hutapita mtu Kitonga, lakini kadi ya gari haitaguswa, na baki ya fedha itatosha breki na chasisi.

Isuzu 4BD1 ingekuwa juu zaidi kama ingepatikana kirahisi ikiwa nzima. Ni dizeli ya silinda nne, lita 3.9, ya malori, na Land Rover wenyewe waliikubali: magari yaliyounganishwa Australia miaka ya 1980 yalitoka nayo, yakiwemo ya jeshi la nchi ile. Haina taimingi beliti, ina gia. Wenye kuijua Kenya ni wengi kwa sababu ya malori. Itakutikisa meno, na kelele zake ndani ya 109 isiyo na kapeti zinachosha, lakini haifi.

Td5 naiweka mwisho kwa makusudi, ingawa ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya za Land Rover hapa: silinda tano, farasi 122, Nm 300, kuanzia 1998. Ni injini nzuri ikiwa kwenye gari lake. Kuihamisha ni kuhamisha pia kompyuta, mtandao wa waya, pampu ya mafuta ya ndani ya tanki na mfumo wa kuzuia wizi. Oili yake huwa na tabia ya kupenya kwenye waya za nozeli na kusafiri hadi kwenye plagi ya kompyuta, gari likaanza kukatakata. Kama mjini kwako hakuna mwenye mashine ya kuisoma, usijaribu.

Toyota 1KZ-TE na V8 za petroli sitazijadili kwa urefu. Ya kwanza inajulikana kwa kupasuka silinda hedi, na za pili zinajulikana na kila mwenye kituo cha mafuta.

Ukifika dukani

Usikubali injini iliyokwisha pakwa rangi. Fungua kifuniko cha oili: oili yenye sura ya maziwa ni maji yaliyochanganyika. Kama inaweza kuwashwa, iwashe ikiwa baridi kabisa, ukutane na muuzaji kabla hajaipasha, halafu ukiwa umefungua kifuniko hicho tazama moshi unaosukumwa nje. Moshi wa kupumua kidogo si shida. Unaotoka kwa msukumo mfululizo ni ringi zilizochoka. Omba vipimo vya kompresheni kwa kila silinda. Muhimu zaidi ya ukubwa wa namba ni zilingane. Nunua injini ikiwa na pampu, tabo, alteneta, stata, flaiwili na klachi yake, maana kuvikusanya kimoja kimoja baadaye ni ghali. Ukipata nusu ya mbele ya gari zima, chukua hiyo.

Angalia pia namba ya injini kwenye bloku. Ikiwa imesagwa au imegongwa upya, ondoka, hata bei iwe tamu vipi. Namba hiyo imo kwenye kadi ya gari Tanzania na kwenye logibuku Kenya, na ukibadilisha injini taarifa hizo hubadilishwa TRA au NTSA. Dai risiti yenye namba na nyaraka za kuingiza injini nchini kabla hujalipa, kwa kuwa baada ya kulipa muuzaji huwa na safari nyingi. Bima nayo ijulishwe.

Injini uliyoitoa usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wiki hiyohiyo. Silinda hedi na krenki shafti ya 2.25 bado zina wateja, na kazi ya kufunga injini mpya ikikwama katikati, kama hutokea, utaihitaji ili gari litoke gereji.