psycopg2 ikigoma kusakinika: uijenge mwenyewe au uchukue iliyojengwa?

Wanafunzi wengi wa programu hapa Dodoma huwasha Ubuntu ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe), huandika pip install psycopg2 kwenye venv (mazingira ya Python ya mradi mmoja) ili Python iongee na hifadhidata ya PostgreSQL, kisha hukutana na ujumbe kwamba pg_config, programu ndogo ya PostgreSQL inayoonyesha maktaba zake zilipo, haionekani. Python yao ni nzima. Kifurushi hicho hushuka kikiwa msimbo wa lugha ya C, na mashine pepe mpya haina vifaa vya kuujenga.

Unaweza kuiongezea vilivyopungua: sudo apt install build-essential python3-dev libpq-dev, kisha urudie pip. Njia hii inakula bando, na mashine uliyoipa RAM ndogo itakusubirisha. Lakini psycopg2 yako itatumia libpq (maktaba ya kuongea na PostgreSQL) na libssl (ya kusimba mawasiliano) za mfumo wenyewe. Siku Ubuntu ikiziba tundu la usalama kwenye maktaba hizo, unasasisha kwa apt, unawasha programu upya, basi. Kwa seva inayotunza taarifa za watu, na mji huu wa ofisi za serikali unazo, hilo kwangu ndilo linaloamua.

Au andika pip install psycopg2-binary. Hii imeshajengwa na hubeba maktaba zake ndani, ambazo apt haizigusi; ndiyo maana watengenezaji wake hushauri ile ya kwanza kwa seva za kazi halisi. Kwa mazoezi inatosha kabisa. Ila Python yako ikiwa mpya kuliko matoleo yaliyojengwa, nayo itadai pg_config.

Mwanafunzi aanze na binary, lakini aandike vile vifurushi vitatu vya apt kwenye README, atakayepeleka mradi kwenye seva avikute.