Queen & Slim: mwisho unaouma, na mimi naukubali

Kama hujaitazama, ishia hapa, maana nautoboa mwisho wote.

Niliitafuta filamu hii ya 2019 kwa ajili ya Daniel Kaluuya, kijana wa London mwenye wazazi Waganda. Mwanamume na mwanamke weusi, yaani Slim (ndiye Kaluuya) na Queen, wametoka kula pamoja mara ya kwanza huko Ohio, Marekani. Polisi anawasimamisha barabarani, ugomvi unazuka, polisi anauawa kwa bunduki yake mwenyewe. Wanakimbilia kusini, nia yao wafike Cuba.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tumezoea kwamba steringi hafi. Hapa wanafika hadi uwanjani, ndege wanaiona kwa macho, ndipo magari ya polisi yanapotokea. Aliyewafikisha pale ndiye aliyewauza kwa fedha, tena mweusi mwenzao. Hilo liliniuma kuliko risasi, maana kabla ya hapo askari mweusi alishawakuta wamejificha gereji akawaachia waende zao. Waliyemwogopa kawaponya, waliyemwamini kawauza.

Queen anapigwa kwanza. Slim angeweza kunyoosha mikono. Badala yake anambeba na kuwafuata polisi waliomuua, mpaka naye wanammiminia risasi. Wapo watakaosema ni ukaidi. Lakini huyu tangu mwanzo ndiye mpole, ndiye anayesali kabla ya kula, na kwangu mimi alikuwa ameamua kutomwacha peke yake pale chini.

Halafu majina. Njiani kote hawaitani kwa majina yao; Queen na Slim ni ya kwenye kichwa cha filamu tu. Tunayasikia kwenye taarifa ya habari, wakishakufa: Angela Johnson na Ernest Hines. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Saa mbili na ushei nimekaa na watu hawa, nimewalilia, na hata majina yao sikuwa nayo! Mwandishi Lena Waithe hapo amenishinda kabisa.

Ningekata picha za mwisho tu, zile za fulana na michoro ya ukutani inayowafanya mashujaa. Filamu yenyewe ilishatuonyesha yule mtoto aliyewapiga picha, akaenda kumfyatulia askari risasi naye akauawa. Baada ya kifo kile, kuwashangilia ni kumsahau yeye.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ina mapenzi ya wazi, kwa hiyo watoto walale kwanza.