Nimeirudia Jumong, na safari hii steringi wangu si Jumong

Mara ya kwanza niliiona Jumong kwa vipande. Kaka alikuwa akikodi CD mtaani, sehemu sitaitaja, na kila diski ilikuwa na mikwaruzo kama imelaliwa na paka. Ikifika penye utamu, inaganda. Mwanzo niliuona, mwisho niliuona, katikati nilisimuliwa shuleni na wenye bahati ya diski nzima. Likizo hii nimeketi na binti yangu wa miaka 13 tukaimaliza yote, sehemu 81, kwa maandishi ya chini. Wiki saba, na tulilumbana kila jioni.

Kwa ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa: ni tamthilia ya Korea, ilirushwa na kituo cha televisheni cha MBC kuanzia 2006 hadi 2007, Song Il-gook akiwa Jumong, kijana aliyekuja kuanzisha dola ya Goguryeo. Enzi zile sisi tuliipata ikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake, na hapo ndipo mshangao wangu wa kwanza. Nusu ya vichekesho nilivyovikumbuka havimo! Vilikuwa vya mtafsiri. Alimfanya mwana mfalme Youngpo aongee kama konda wa daladala, na mimi miaka yote hii nikaamini ndivyo alivyo. Bila ile sauti, Youngpo ni mtu wa kuhurumiwa: kila njama anayopanga inamrudia mwenyewe, na kaka yake Daeso anamwona kama takataka.

Sehemu za mwanzo zilimshinda binti yangu. "Mama, huyu ndiye steringi? Mbona mwoga hivi?" Nikamwambia avumilie. Jumong anaanza akiwa goigoi, hawezi upanga, kazi yake kumwandama mwanafunzi wa makuhani. Kaka zake, Daeso na Youngpo, wanamtelekeza kwenye tope la kinamasi afe, na anayemtoa ni Soseono, binti wa mfanyabiashara, anayepita na msafara wa baba yake. Jumong anamwambia kuwa yeye ni mwana wa mfalme. Soseono haamini hata kidogo. Ungemwamini wewe, mtu umemwopoa topeni?

Ukivuka hapo, kuna lile gereza la siri. Haemosu, aliyekuwa jemadari wa jeshi la Damul lililopigana na dola ya Han ya China, amefungwa humo miaka 20, amepofushwa macho, na dunia nzima inajua alishakufa. Jumong anakutana naye, kisha kipofu huyo anamfundisha upanga na mishale. Kijana hajui kwamba mwalimu wake ni baba yake mzazi. Nilikuwa nakumbuka kwamba inahuzunisha, lakini sikukumbuka kwamba wanacheka sana wakiwa pamoja. Ndicho kilichonimaliza. Siku Haemosu alipouawa, binti yangu alienda chumbani akafunga mlango, chakula cha usiku akala peke yake.

Zamani nilimchukia Mfalme Geumwa wa Buyeo, ufalme alikokulia Jumong. Sasa, na umri huu, sijui. Alimpenda Yuhwa, mwanamke wa rafiki yake Haemosu, akamlea mtoto wao Jumong kama wake, na mke wake halali, Malkia Wonhu, akabaki anatazama. Tulimzomea sana yule malkia enzi zile. Jamani, alikosa nini? Mume amemletea mwanamke mwingine ndani na mtoto asiye wake, kisha anawapenda kuliko aliowazaa yeye. Mipango yake ni ya kishetani, sawa, ila hasira ninaielewa.

Mhunzi Mopalmo bado ni kipenzi changu. Mlevi, mchafu, kelele nyingi, lakini vita yote imesimama juu ya nyundo yake, kwa sababu Han wana silaha za chuma imara na Buyeo hawana. Kila akitengeneza upanga, unajaribiwa, unakatika vipande viwili, na yeye anaanza upya. Nampenda kuliko majenerali wote.

Katikati panachosha, lazima niseme ukweli. Kuna kama sehemu 15 za kuvamia, kutekwa, kutoroka, kuvamia tena. Jeshi linaloitwa la maelfu ukilihesabu halijazi hata basi mbili. Tulikuwa tunakunja nguo huku tunatazama.

Lakini mtu wangu ni Soseono. Anaongoza msafara, anajua bei ya chumvi, anasoma akili za wanaume wazee kabla hawajafungua mdomo. Anaposikia Jumong amekufa, na Daeso anamtaka kwa nguvu, anaolewa na Wootae, mlinzi wake aliyempenda kimyakimya. Halafu Jumong anarudi, yuko hai. Ile sura ya Soseono anapomwona! Haongei, na sisi sebuleni hatukuongea.

Baadaye Wootae anakufa, na mwishowe Soseono na Jumong wanaoana na kuijenga Goguryeo pamoja, mali ya Soseono na watu wake vikiwa humo humo. Kisha anatokea mke wa kwanza wa Jumong, Yesoya, na mwanawe Yuri, waliodhaniwa wamekufa. Soseono anaona nchi itagawanyika kwa ugomvi wa urithi, anawachukua wanawe Biryu na Onjo anaondoka kwenda kusini kuanza upya. Nilipokuwa msichana niliona amefanya jambo la kishujaa. Safari hii nilipigia kelele televisheni. Yeye ndiye aondoke? Jumong analia juu ya farasi, vizuri, lakini anabaki na kiti.

Naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa zile vita za katikati. Ya kuondoka Soseono sikumkatia mtu, kwa sababu jana usiku nimeirudia tena peke yangu, wote wamelala.