HMS Belfast, London: uingie ndani, au picha ya nje inatosha?

Mambo vipi wadau wa Mwanza, na wakubwa zangu mnaonitazama, shikamooni. Nyuma yangu hapo mnaliona Jiwe la Bismarck, na upepo wa ziwa leo umekaza, kwa hiyo mkisikia maiki inavuma mnivumilie. Leo sijaleta simu wala spika. Leo nachambua manowari.

Wapo vijana wetu wanaokwenda Uingereza kusoma, yupo na shemeji huko anayekualika kila mara. Ukifika London unapelekwa Tower Bridge, unapiga picha, unaondoka. Sasa hapo hapo, mtoni Thames, imefungwa meli ya kijivu yenye mabaka mabaka. Ndiyo HMS Belfast. Ilishushwa majini mwaka 1938, na tangu 1971 ni makumbusho. Wengi wanaiweka nyuma ya selfi na kupita zao. Je, ulipe kiingilio uingie?

Kuhusu ukubwa, ile MV Mwanza yetu ina urefu wa mita 92.6. Belfast ni mita 187. Ukizipanga MV Mwanza mbili, pua kwa mkia, Belfast bado inazidi kidogo. Ila usije ukategemea kumbi pana mle ndani. Ya kwetu imeundwa kwa ajili ya abiria. Ile ilibeba mabaharia hadi 950 hivi, na nafasi yao ilikuwa ile iliyosazwa na mizinga, baruti na mitambo. Unatembea kwenye vichochoro, na kama wewe ni mrefu, chunga kichwa.

Watu wanajazana juu, kwenye mizinga. Iko 12 ya inchi 6, imepangwa mitatu mitatu. Ile ya mbele wameilenga kwenye kituo cha kupumzikia madereva kwenye barabara kuu ya M1, kama kilomita 20 kutoka mtoni. Yaani uko hapa ziwani, kombora linatua Kisesa. Piga picha yako, sikukatazi. Ila usimalize nguvu zako pale, maana pesa yako iko chini.

Meli ina sitaha tisa. Wewe shuka. Shuka tena. Utafika kwenye boila na injini, na hapo uko chini ya usawa wa maji ya mto. Mabomba yamepita kila upande, magurudumu ya kufungulia mvuke, saa za kupimia presha, na unatembea juu ya vyuma vyenye matundu ambapo ukitazama chini unaona mashine nyingine. Mimi nimekua napanda MV Victoria kwenda Bukoba, usiku kucha nasikia injini inanguruma chini ya miguu, na abiria hata mlango wa chumba hicho haruhusiwi kuusogelea. Kule nikasimama katikati ya mitambo, nikaikagua mpaka nikaridhika. Kwangu mimi, hapo kiingilio kilishajilipa.

Ukipanda kidogo unakuta maisha yao. Machela za turubai za kulalia zimening'inizwa juu ya meza za kulia chakula. Kuna jiko, tanuri la mikate, zahanati, kiti cha daktari wa meno, na mahabusu kwa waliokorofisha. Jeshi lao la majini lilikuwa linawagawia mabaharia ramu kila siku, utaratibu uliofutwa 1970. Mjomba wangu pale Igogo aliposikia hilo alitaka kujua kama bado wanaajiri.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Katika Vita vya Pili vya Dunia walisindikiza misafara ya meli za mizigo ya kwenda Urusi, baharini kwenye barafu, na tarehe 26 Desemba 1943 Belfast ilikuwa kati ya meli zilizoizamisha Scharnhorst, manowari ya Wajerumani, kaskazini mwa Norwe. Katika watu zaidi ya 1,900 waliokuwa kwenye Scharnhorst, waliookolewa ni 36. Warusi walikuwa wamemzawadia admirali wa Kiingereza kulungu wa nchi za baridi, wakamwita Olga, akawa anasafiri ndani ya Belfast. Mizinga ilipoanza, mnyama akapagawa, ikabidi auawe. Nimesoma habari nyingi za vita, lakini ya Olga ndiyo iliyonikaa.

Halafu kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Desemba 1961, Tanganyika inapata uhuru, Belfast ilikuwa Dar es Salaam, na gwaride la heshima kwa upande wa Uingereza lilitoka kwenye meli hiyo. Mwaka huo huo MV Victoria, iliyoundwa Scotland ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu, inaanza kazi ziwani kwetu. Moja inakuja kuaga, nyingine inakuja kubeba ndizi na sisi. Ukimpeleka mwanao pale, mwambie hilo, asidhani amekuja kutazama mambo ya wenyewe tu.

Sasa, nani asihangaike? Mama mwenye magoti mabovu, mwenye mtoto mgongoni, anayetumia kiti cha magurudumu: sitaha za chini ni ngazi za chuma zilizosimama wima, na huko chini ndiko penye utamu. Juu peke yake, mimi nisingelipia. Kina dada, vaeni suruali na raba, gauni refu litawatesa. Tengeni nusu siku na muanzie kwenye injini mkiwa bado na miguu, mizinga muiache mwisho.

Na kama viza imegoma, nenda Kigoma. MV Liemba iliundwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza, ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikafungwa mizinga. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Hakuna kibanda cha tiketi za watalii pale, wala mtu wa kukuelekeza. Utaongea mwenyewe na watu wa bandari, na mkikubaliana, ombeni mshushwe kwenye injini.